Pikipiki za umeme: Nani atazipima kwa barabara za Mlali?

MWAKA 1947 Serikali ya Uingereza ilileta Kongwa, katika uwanda wa kati wa Tanganyika, matrekta yaliyobaki kutoka kwenye vita vya dunia. Mengine yalikuwa vifaru vya kijeshi vilivyobadilishwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mashine hizo zilitakiwa kusafisha pori na kupanda karanga kwenye mamilioni ya ekari, ili Waingereza waliokuwa wakiishi kwa mgawo wa chakula wapate mafuta ya kupikia.

Kilichotokea kinajulikana. Udongo wa Kongwa, ambao wakati wa mvua ulionekana laini, kiangazi uligeuka mgumu kama saruji. Mchanga wake mkali ulikula majembe ya chuma, na katika miezi michache ya mwanzo sehemu kubwa ya matrekta yaliyoletwa ilikuwa imelala chini. Mpango huo ulifutwa Januari 1951 baada ya kuwagharimu walipa kodi wa Uingereza Pauni milioni 36.

Ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, ambao ndio uliosema kazi hiyo inawezekana, ulitumia wiki tisa tu mwaka 1946 kuikagua nchi, na sehemu kubwa ya ukaguzi huo ilifanyika kutoka angani, ndani ya ndege. Mashine zilikuwa nzuri huko zilikotengenezwa. Hakuna aliyezipima kwanza kwenye ardhi ambayo zingefanyia kazi.

Mwandishi wa makala haya anaikumbusha habari hiyo ya zamani kwa sababu Kata ya Mlali iko ndani ya Wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, na kwa sababu mashine nyingine zimeanza kuja. Safari hii si matrekta bali ni pikipiki na bajaji zinazotumia umeme, na atakayelipa hasara iwapo hesabu zitakuwa na kasoro si mlipa kodi wa London. Ni kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba.

Ni vema kusema mapema kwamba mwandishi si mpinzani wa vyombo hivi. Tanzania imekuwa ikitajwa miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zenye vyombo vingi vya umeme, sehemu kubwa vikiwa vya magurudumu mawili na matatu. Umeme wenyewe upo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024 na mitambo yake yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Serikali nayo imekuwa ikitangaza mafanikio ya kufikisha nguzo katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Wakati huo huo, bei ya petroli katika sehemu kubwa ya mwaka 2025 ilikuwa juu ya Sh 2,700 kwa lita jijini Dar es Salaam, na kwa desturi huzidi hapo kadiri mafuta yanavyosafirishwa kwenda mikoani.

Kwa hiyo swali si kama vyombo vya umeme vifike Mlali au visifike. Vitafika. Swali ni kwamba ile namba inayoandikwa kwenye boksi, kwamba pikipiki hii inakwenda kilomita 100 kwa chaji moja, imepatikana wapi na kwa kipimo gani?

Hapa inabidi kueleza kidogo jinsi vipimo hivi vinavyofanyika, kwa kuwa ndiko tatizo linakoanzia.

Katika maabara chombo hufungwa imara, gurudumu lake la nyuma likawekwa juu ya rola kubwa ya chuma. Mashine hiyo, inayoitwa dainamomita, huikaza rola kwa nguvu inayopangwa na fundi ili gurudumu lidhani liko barabarani. Upande mmoja hupimwa umeme unaotoka kwenye betri. Upande wa pili hupimwa nguvu inayofika kwenye gurudumu. Ukigawanya cha pili kwa cha kwanza unapata ufanisi wa mtambo mzima, yaani betri, kidhibiti kinachogawa umeme, mota, na mnyororo au gia iwapo zipo.

Ili rola ikazwe kwa kiasi cha haki, chombo hupelekwa kwanza kwenye barabara iliyonyooka, hukimbizwa hadi mwendo fulani, kisha huachwa kijiendee chenyewe hadi kipungue kasi. Muda kinaotumia kupungua ndio unaoeleza ni kiasi gani upepo na barabara vinakizuia. Barabara hiyo huwa ya lami safi, tambarare, isiyo na upepo wa maana.

Ulaya ina utaratibu wa kupima magari uitwao WLTP, ulioanza kutumika kwa aina mpya za magari Septemba 2017 baada ya ule wa zamani kulalamikiwa kuwa unayapendelea magari mno. Kipimo hicho huchukua dakika 30 na umbali wa kilomita 23 na ushee, katika chumba chenye joto la nyuzi 23. Ikiwa Wazungu wenyewe, kwenye barabara zao wenyewe, walikiri kwamba namba za maabara haziendani na maisha ya kila siku, sisi wa uwanda wa kati tunazipokeaje bila kuuliza?

Na pikipiki nyingi za bei nafuu zinazouzwa hazijapitia hata utaratibu mgumu kama huo. Kilomita zinazotajwa mara nyingi ni za dereva mmoja asiye na mzigo, mwendo usiobadilika wa kilomita kama 45 kwa saa, kwenye lami, betri ikiwa mpya.

Tufanye hesabu. Chukua pikipiki yenye betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Ukizidisha unapata wati-saa 2,880, yaani karibu uniti tatu za umeme kwa lugha ya LUKU. Pikipiki yenyewe ina kilo 120, dereva kilo 70. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo huo wa kilomita 45, chombo kama hicho kinahitaji wati-saa zisizofika 30 kwa kilomita moja. Namba ya kilomita 100 si uongo basi. Kwa masharti yale, inapatikana.

Sasa iondoe pikipiki hiyo kwenye lami ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma na uingie nayo barabara ya vumbi. Mweke abiria nyuma, na mbele ya abiria huyo, juu ya tangi, mtoto wake. Ongeza debe la mahindi. Jumla ya uzito, pamoja na chombo, inafika kilo 300. Hakuna mkazi wa Kongwa atakayesema kuwa mfano huu umetiwa chumvi, maana wengi wameona mishikaki mizito kuliko huo.

Kwenye vumbi lililoshindiliwa, msuguano wa matairi huwa takriban mara mbili ya ule wa lami, na uzito ulioongezeka huuzidisha tena. Hata dereva akipunguza mwendo hadi kilomita 35 kwa saa, mahitaji hupanda hadi kati ya wati-saa 45 na 50 kwa kilomita. Zile kilomita 100 zimekuwa 60, na bado hatujapanda kilima wala kuvuka korongo la mchanga.

Kilima nacho kina bei yake inayojulikana na ambayo haina majadiliano. Kupandisha kilo 300 kwenda juu mita 100 kunachukua karibu wati-saa 82 kwenye gurudumu, na kwa kuwa mtambo haufanyi kazi bila kupoteza, betri hutoa zaidi ya 100. Hiyo ni sawa na kilomita mbili hadi nne za barabara tambarare, zimeishia mlimani. Zipo pikipiki zinazorudisha umeme kwenye betri zinapoteremka, lakini kinachorudi ni sehemu tu ya kile kilichotumika kupanda, na zile za bei ya chini mara nyingi hazina uwezo huo kabisa.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra zaidi ni hili lifuatalo. Ufanisi wa mota ya umeme si namba moja. Ni kweli kwamba mota nzuri inageuza asilimia 85 hadi 90 na zaidi ya umeme kuwa mwendo, wakati injini ndogo ya petroli huambulia robo tu au pungufu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, nyingine ikitoka kama joto na moshi. Lakini asilimia hiyo 90 hupatikana mota inapozunguka kwa kasi ya kutosha ikiwa na mzigo wa wastani. Ikilazimishwa kuvuta mzigo mkubwa huku ikizunguka polepole, ufanisi hushuka sana.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Nguvu ya kuzungusha gurudumu hutokana na kiasi cha mkondo wa umeme unaopita kwenye nyaya za mota. Joto linalopotea kwenye nyaya hizo haliongezeki sambamba na mkondo. Ukiuzidisha mkondo mara mbili, joto huwa mara nne. Kwenye kilima kinachopanda mita 10 kwa kila mita 100, pikipiki yetu ya kilo 300 inahitaji nguvu ya kusukuma zaidi ya mara nne ya ile inayohitaji ikitembea taratibu kwenye vumbi tambarare. Msomaji anaweza kujifanyia mwenyewe hesabu ya joto.

Pikipiki zenye mota iliyojengwa ndani ya kitovu cha gurudumu, bila gia, ndizo zinazoumia zaidi katika hali hii. Kwenye barabara za Dar es Salaam ni chombo kizuri, hakina mnyororo wa kukatika wala mafuta ya kubadilisha. Mlimani hakina namna ya kupunguza gia kama afanyavyo dereva wa petroli. Kidhibiti kikiona joto limezidi hupunguza umeme ili mota isiungue, na hapo abiria hushuka kutembea kwa miguu. Kisipopunguza, mota huungua.

Bajaji za umeme zilizokuja na betri za risasi na tindikali, zile za mtindo wa betri ya gari, zina udhaifu mwingine. Betri ya aina hiyo ikitolewa umeme kwa kasi haitoi kiasi chote kilichoandikwa juu yake. Kwa maneno mengine, kadiri mlima unavyokuwa mkali ndivyo betri inavyokuwa ndogo. Betri za lithiamu zina unafuu mkubwa katika hilo, ila nazo joto huzizeesha mapema. Chombo kinachoshinda kijiweni juani saa nane mchana, kisha kikapanda mlima na mzigo, kisha kikaingizwa kwenye chaji kikiwa bado cha moto, hakiishi maisha yale yaliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 23.

Kwa upande mwingine, haki itendeke. Uwanda wa kati una mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi kama hiyo injini ya petroli hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu zake. Mota ya umeme haivuti hewa, hivyo haipungukiwi. Hakuna msambazaji ambaye mwandishi huyu amemsikia akilitaja hilo kama sifa ya bidhaa yake, jambo linaloonyesha kuwa hata wao hawajaifikiria Dodoma.

Na fedha je? Hapa ndipo hesabu inapoweza kuwashangaza wanaovibeza vyombo hivi. Kuijaza betri ile ya uniti karibu tatu kunahitaji uniti kama 3.3 kwenye mita, kwa sababu chaja nayo hupoteza. Kwa takriban Sh 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, kwa mteja wa matumizi ya kawaida, hiyo ni chini ya Sh 1,200. Hata kama zinapatikana kilomita 60 tu badala ya 100, kila kilomita imegharimu Sh 20. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita, kwa lita ya Sh 2,800, inagharimu Sh 70.

Yaani hata namba ya boksi ikipunguzwa karibu nusu, umeme bado ni rahisi zaidi ya mara tatu. Kama ni hivyo, kwa nini tusumbuke na vipimo?

Kwa sababu kijana wa kijiwe cha Mlali hanunui uniti za umeme peke yake. Ananunua chombo kwa mkataba, na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye mali. Akiambiwa kilomita 100 hupanga siku yake kwa kilomita 100, na mkopo wake umepangwa hivyo hivyo. Chaji ikiisha saa saba mchana, nusu ya pili ya siku imekwenda, kwani kujaza betri nyumbani ni kazi ya saa kadhaa na Mlali si Nairobi au Kigali ambako unaweza kusimama kwenye kituo, ukatoa betri tupu, ukaweka iliyojaa ukaondoka. Na abiria aliyeko nyuma huenda ni mama mjamzito anayewahishwa kituo cha afya usiku. Petroli ya kwenye chupa ya maji hupatikana kila kijiji. Umeme wa kwenye chupa haupo.

Halafu kuna betri yenyewe, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Ikizeeka miaka miwili kabla ya muda uliotarajiwa, ule unafuu wote wa Sh 50 kwa kilomita huliwa na betri mpya.

Wenzetu wa jirani hawakusubiri. Nchini Uganda, gari la kwanza la umeme lililobuniwa na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kiira EV, liliendeshwa kwa majaribio mbele ya watu Novemba 2011, na mradi huo baadaye ukazaa mabasi. Nchini Kenya, kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 kwa mabasi mawili tu ya umeme, ikayaingiza kwenye njia za kawaida za Nairobi yakiwa na abiria wa kawaida, kabla ya kuanza kuleta mengi. Mwaka 2024 pikipiki ya kampuni ya Roam ya Nairobi iliendeshwa hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, safari ya kilomita karibu 6,000, kwa kushirikiana na chuo kikuu cha huko, ikichajiwa kwa umeme wa jua. Ilipita Tanzania. Safari ya namna hiyo ni tangazo la biashara, hilo halina ubishi, lakini pia ni kipimo ambacho hakuna dainamomita inayoweza kukitoa.

India, ambako bajaji zetu nyingi hutoka, ilijifunza kwa moto. Baada ya pikipiki kadhaa za umeme kuungua mwaka 2022, serikali ya huko ilikaza masharti ya upimaji wa betri, na masharti mapya yakaanza kutumika kwa awamu kuanzia Desemba mwaka huo.

Hapa kwetu, upimaji wa mitambo ya umeme si jambo geni kama inavyodhaniwa. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilifanyiwa majaribio kati ya Dar es Salaam na Morogoro Februari 2024, miezi kadhaa kabla ya kuanza kubeba abiria mwezi Juni, na ikafika Dodoma Julai mwaka huo. Hata baada ya majaribio hayo, Shirika la Reli lilijikuta likieleza kuwa ngedere na bundi walichangia hitilafu ya umeme njiani. Watu walicheka. Lakini ndiyo maana ya kupima mahali chombo kitakapofanyia kazi: huko ndiko waliko ngedere.

Taasisi zenye uwezo wa kuianza kazi hii zipo. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kina jukumu la kupima zana za kilimo kabla hazijamfikia mkulima. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina wahandisi na karakana. Shirika la Viwango lina mamlaka ya kuzuia bidhaa bandarini, na LATRA ndiyo inayotoa leseni za bodaboda na bajaji. Kinachotakiwa ni kuvikalisha vyombo hivyo meza moja na kukubaliana juu ya kipimo cha Kitanzania: mzunguko wenye lami, vumbi, mchanga na mlima, uzito wa abiria na mzigo halisi, na joto la Oktoba.

Tena gharama yake si ya kutisha. Dainamomita ya pikipiki si mtambo wa kinyuklia, na kipimo cha barabarani ni rahisi zaidi. Kinahitaji mita ya kusoma umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, mizani ya kupimia mzigo, kipimajoto kwenye mota, na njia inayofahamika. Njia ya kutoka Mlali hadi soko la mahindi la Kibaigwa ingetosha kabisa. Ipandwe mara kumi wakati wa kiangazi na mara kumi wakati wa masika, kwa kila aina ya pikipiki inayoombewa kibali, na matokeo yatangazwe magazetini kama EWURA inavyotangaza bei za mafuta kila mwezi.

Namba mbili zingetosha kwenye boksi: kilomita kwa chaji moja dereva akiwa peke yake kwenye lami, na kilomita kwa chaji moja akiwa na abiria na mzigo kwenye vumbi na kilima. Ya tatu, kwa ajili ya mwenye kukopa, iwe ni mara ngapi betri inaweza kujazwa katika joto letu kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake.

Hadi hayo yatakapofanyika, mwenye pikipiki ya umeme anaweza kujipimia mwenyewe. Asome namba ya kwenye LUKU kabla ya kuchomeka chaja na baada ya kuichomoa, vitu vingine vyote ndani ya nyumba vikiwa vimezimwa. Agawe uniti hizo kwa kilomita alizokwenda siku hiyo, na aandike kwenye daftari pamoja na mzigo aliobeba. Akifanya hivyo kwa mwezi mmoja atakuwa na kumbukumbu ya kumwekea mezani muuzaji na mkopeshaji, kabla hajatia saini mkataba wa pikipiki ya pili.